Udongo wa Kununua

Huku Bugarika udongo ni bidhaa.
Nyumba zetu zimekaa juu ya majabali kama mbuzi,
na anayetaka mchicha hununua kwanza pa kuuotesha.
Nilinunua viroba vitatu, vya kutoka Buhongwa.
Ng'habi alivipandisha kimoja kimoja, mia tano kila safari,
akapumzika mara nne, na kila mara akauliza,
"Mama Nkwimba, ni mahindi?"
"Ni ua."
Akaucheka mzigo wake, kisha akaubeba.

Mche wenyewe ulikuja ndani ya kopo la rangi,
mfupi, haunifiki gotini.
Muuza miche wa Nyakato hakulijua jina lake la kitabuni.
"Sisi tunauita jana-leo-kesho," alisema.
"Hautarefuka ukakuzibia dirisha. Ila mbwa asiule."
Mbwa sina. Nina pua.

Maana nashinda kiwandani, nachuna sangara.
Minofu inapanda ndege, harufu inabaki na mimi.
Nimesugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya mche;
kwenye kwaya bado wananiachia nafasi ya pembeni.
Nikataka kitu kimoja mlangoni
kinukie kwa niaba yangu.

Nilichagua ufa kati ya mawe mawili,
lile tunaloliita Tembo na dogo lisilo na jina.
Jua la asubuhi linapita hapo, la mchana linazuiwa.
Chini nikatandaza kokoto, maji yasituame,
juu samadi kavu, kisha masalia ya majani ya chai,
kwa kuwa ua hili linapenda udongo wenye ukali kidogo.
Majani yalipogeuka njano, mishipa ikabaki kijani,
nikafukia misumari yenye kutu. Sijui kama ndiyo ilikuwa dawa.
Majani yakarudi.
Maua, hapana.

Mwaka wa kwanza, hapana.
Wa pili, majani tele, yanang'aa kama yamepakwa mafuta,
na mimi kila jioni na ndoo.
Maji ya kupandisha, dumu kwa dumu,
wakati ziwa lote lile limelala pale chini,
tunaliona, halipandi.
Kwandu, jirani yangu, mponda kokoto,
alisimamisha nyundo: "Unanywesha jiwe, mwenzangu."
Sikumjibu. Nikaongeza kata.

Mwezi wa nane dada yangu akavunjika nyonga, Ukerewe.
Nikavuka na mfuko mmoja wa nguo,
sikumwachia mtu funguo wala maagizo.
Wiki nane. Kiangazi cha vumbi.
Kila nilipomgeuza dada kitandani
niliuona mche ukijikunja,
nikauaga moyoni kama anavyoagwa mtu.

Niliporudi, mvua ya kwanza ilikuwa imenitangulia.
Kabla ya kona ya mashine ya kusaga
kitu kiliniingia puani. Nikadhani kuna mtu amepita na manukato.
Hapakuwa na mtu.
Kichaka kilekile, nusu ya majani imepukutika,
kimejaa:
maua ya leo zambarau iliyoiva,
ya jana rangi ya kanga iliyofuliwa sana,
ya juzi meupe kabisa, yote kwenye tawi moja,
kama familia iliyokusanyika kupigwa picha.

Kumbe nilikuwa nakibembeleza hadi kikasahau kazi.
Kiu ndiyo iliyokikumbusha.
Sisemi ni hivyo kwa kila kitu;
dada yangu aliomba maji, na alipewa.

Sasa nakata matawi maua yakishakwisha, si kabla,
nisije nikakata ya msimu ujao.
Ndoo naiacha ndani. Nachomeka kidole udongoni kwanza.

Jana nyundo ya Kwandu ilinyamaza mapema.
Nilimwona amekaa mlangoni kwake, hana taa,
vumbi la mawe bado kwenye nyusi.
Hakusema neno juu ya jiwe wala maji.
"Tawi," aliuliza, "linashika?"
Nikaingia ndani kutafuta kisu,
kile cha kiwandani,
nikakiosha mara tatu.